Gemu za PS2 Zilizouza Mamilioni Kisha Zikasahaulika, na Zile Zilizotawala Garissa Bila Kuingia Chati Yoyote

Uliza msee yeyote aliyekulia mtaani ni gemu gani ya PlayStation 2 iliuza zaidi duniani. Atakuambia San Andreas kabla umalize swali, na atakuwa sawa. Sasa muulize namba mbili. Hapo ndio kelele huanza. Mmoja atasema FIFA, mwingine PES, mwingine God of War, na kuna mjuaji atakuja na Tekken. Wote wamekosa.

Ukicheki hesabu za PS2 vizuri utashangaa. Kuna gemu zilizouza mamilioni na leo hakuna mtu huzitaja. Kuna zingine ziliuza ju ya kamera, zingine ju ya gitaa la plastiki. Halafu kuna zile zetu, zile zilizofanya watu wa Garissa, Wajir na Mandera wasahau chakula cha mchana, na hakuna chati duniani iliyowahi kuzihesabu kwa niaba yetu.

Leo tunazipanga zote. Shika pedi.

Kwanza, mashine yenyewe

PS2 ilitoka Japani Machi 4, 2000. Marekani ikafika Oktoba 26 mwaka huo, Ulaya Novemba 24. Sony waliacha kuiunda Januari 2013, kumaanisha ilikaa kiwandani karibu miaka 13. Kwa miaka mingi hesabu yao ilisimama kwa zaidi ya mashine milioni 155, halafu mwaka 2024 aliyekuwa bosi wa PlayStation, Jim Ryan, akasema ilifika milioni 160.

Kwa nini iliuza hivyo? Kwanza ilikuwa inacheza DVD. Wakati huo DVD player pekee yake ilikuwa bei, so mzazi alikuwa anaona amenunua vitu mbili kwa pesa ya moja. Pili, ilikuwa inasoma diski za PS1, kwa hivyo gemu zako za zamani hazikuenda na maji. Tatu, bei ilishuka mwaka baada ya mwaka mpaka hata maskini wa Mungu akaifikia.

Kufika kwetu ilikuwa safari. Vitu vya elektroniki vya North Eastern vingi hupitia Dubai, vikashuka Eastleigh, halafu vikapanda basi. Na kama hujui, ile biashara kubwa ya Eastleigh ilianzia kwa jengo lenye jina letu: Garissa Lodge. Ilikuwa lojing ya kawaida. Mwanzo wa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita wakaanza kuuza bidhaa kutoka kwa vyumba vya kulala. Usiku kitanda, mchana duka. Mwishowe jengo lote likawa maduka, na mamoli mengine yakafuata. Kwa hivyo ukiona PS kwa kibanda cha mabati Bulla Iftin au karibu na Suuq Mugdi, jua imepitia njia ndefu, kisha ikala kilomita karibu 370 za barabara ya Thika na Mwingi, na basi ikasimama darajani Tana ikaguliwe kabla iingie tao.

Sasa tuingie kwa listi.

1. Gran Turismo 3: A-Spec (2001)

Hii ndio namba mbili. Kopi milioni 14.89. San Andreas iko juu na milioni 17.33, lakini hii gemu ya ndai, ambayo haina stori, haina bunduki, na ukigonga ukuta gari haibonyei hata kidogo, iliacha nyuma karibu kila kitu unachokumbuka.

Siri ni gani? Sehemu moja ni kwamba ilikuwa noma kweli. Mwaka 2001 watu walikuwa wakiona ile rangi ya jua kwa bonneti wanadhani ni video. Sehemu ingine ni kwamba mara nyingi ilifungwa kwa boksi moja na mashine. Ukinunua PS2 unapata GT3, utake usitake. Hata ndugu yake, Gran Turismo 4, alivuka milioni 11.

Kwa kibanda Garissa ilikuwa haichezwi sana, na sababu ni biashara. Mwenye PS analipwa kwa mechi. Gran Turismo inataka ukae ufanye mtihani wa leseni ndio upate gari. Nani atalipa ashu akafanye mtihani?

2. Dragon Quest VIII (2004)

Hapa watu wengi watasema "ati nini?" Sawa. Hii ndio gemu ya PS2 iliyouza zaidi Japani, zaidi ya kopi milioni 3 huko kwao pekee. Iliandaliwa na Level-5, na wahusika walichorwa na Akira Toriyama, yule yule wa Dragon Ball. Ukiangalia sura ya shujaa utadhani ni binamu ya Goku.

Ni gemu ya kupigana kwa zamu: wewe unapiga, adui anapiga, mnapeana nafasi kama wazee kwa baraza. Inachukua masaa mengi kuimaliza, na kuna kusoma mob. Ndio maana kwetu haikushika. Ilihitaji mtu mwenye PS yake nyumbani, umeme wake, na muda wake. Hivyo vitatu kuvipata pamoja ilikuwa bahati.

3. EyeToy: Play (2003)

Kabla ya Kinect, kabla ya watu kudansi mbele ya simu, Sony waliuza kamera ndogo ya kuweka juu ya tivii. Unasimama mbele, unajiona kwa skrini, halafu unapangusa madirisha na mikono yako au unachapa maninja wadogo. Hakuna pedi. Gemu ilitengenezwa na studio ya Sony London, na ilishika sana Ulaya. Kufika Novemba 2008, kamera za EyeToy zilizouzwa zilikuwa milioni 10.5.

Milioni 10! Na leo hakuna mtu huitaja. Jiulize mara ya mwisho kusikia mtu akisema "nimemiss EyeToy" ilikuwa lini.

4. Guitar Hero II na III (2006 na 2007)

Hii ndio itakushangaza zaidi. Mwaka 2007 PS3 ilikuwa imeshatoka mwaka mzima. Lakini ukicheki gemu 10 zilizouza zaidi Marekani mwaka huo, hakuna hata moja ya PS3. Za PS2 zilikuwa tatu: Guitar Hero III, Madden NFL 08, na Guitar Hero II. Mzee alikuwa bado anachapa watoto wake.

Guitar Hero ilikuwa inauzwa na gitaa la plastiki lenye vitufe vya rangi. Kitufe kinashuka kwa skrini, wewe unabonyeza na kupiga kamba. Ilifanya watu wajione marockstar sebuleni. Halafu kampuni zikatoa gitaa baada ya gitaa, ngoma, maiki, mpaka watu wakachoka na nyumba zikajaa plastiki. Kufika 2011 Activision walikuwa wameshaizima kwa wakati ule. Ilipanda haraka, ikashuka haraka.

5. Enter the Matrix (2003)

Gemu iliyotoka siku moja na filamu ya pili ya Matrix. Wale walioandika filamu ndio waliandika stori ya gemu, na wakapiga karibu saa nzima ya video mpya na waigizaji wenyewe. Kosa moja tu: huchezi Neo. Unacheza Niobe au Ghost, watu wa pembeni. Wakosoaji waliichana, ilikuwa na makosa kila mahali, na bado iliuza zaidi ya kopi milioni 5 ukijumlisha konsoli zote. Jina kubwa huuza. Hiyo haijabadilika.

6. The Getaway (2002)

Watu walipokuwa wanangoja GTA ya London, Sony wakaunda yao. Walipiga picha za mitaa ya London yenyewe wakaijenga ndani ya diski. Kitu kilichokuwa tofauti: kwa skrini hakuna ramani, hakuna mstari wa afya, hakuna hesabu ya risasi. Ukitaka kujua uende wapi, unaangalia indiketa za ndai. Zikiwaka kushoto, unakata kushoto. Ukipigwa risasi, unaegemea ukuta mpaka damu ikauke. Kampuni ya simu ya Uingereza, BT, ililalamika ju ya misheni moja yenye gari lao, na Sony wakaondoa kwa matoleo yaliyofuata.

Iliuza mamilioni. Leo ukiitaja watu wanadhani unaongelea Airbnb.

7. Tekken 5 (2005)

Sawa, hii haijasahaulika sana, lakini watu husahau ukubwa wake. Ilivuka kopi milioni 6, na ndani ya diski hiyo moja kulikuwa na Tekken 1, 2 na 3 za mashine za arkedi. Gemu nne kwa bei ya moja. Kwa kibanda ilikuwa dhahabu, ju mechi inaisha kwa dakika mbili. Anayechapwa anatoka, anayefuata anakaa, ashu inaingia. Na kila mtaa ulikuwa na yule chali wa Christie, hajui hata kombo moja, anabonyeza mateke tu kama anaua mbu, na anashinda. Wallahi watu walikuwa wanakosana.

Sasa za kwetu: chati ya ground

Hesabu zote hapo juu zinahesabu diski halali zilizotoka kiwandani. Kwetu hiyo diski hukuwahi kuiona. Uliona DVD nyeupe imeandikwa na peni, "PES LATEST", ndani ya karatasi ya nailoni. Kwa hivyo ukiuliza Sony, Garissa haikucheza. Ukiuliza sisi, tulikuwa tunangoja foleni.

Kwa base yetu hizi ndizo zilitawala:

PES (wengine waliita Winning Eleven). Hapa hakuna mjadala. PES 6 ya 2006 iliyokuwa na Adriano ndio ilifanya watu wagundue kwamba mchezaji mmoja anaweza kuharibu urafiki. Mpira kwa Adriano, mguu wa kushoto, kipa analala. Mpaka tukaweka sheria: ukichukua Inter, Adriano anakaa benchi.

Konami hawakuwa na leseni za timu zote. Kuna miaka Chelsea iliitwa London FC na Arsenal ikawa North London. Ndio maana pachi zilikuja. Pachi ni gemu ile ile, lakini mtu amekaa chini akabadilisha majina, jezi, logo na hata sauti za mtangazaji. Brazil wana yao maarufu, Bomba Patch, na imeishi miaka mingi kuliko PS2 yenyewe ilivyoishi dukani. Sisi tulikuwa tunapata za watu wengine. Siku moja unafungua gemu, Arsenal ina jezi mpya, mtangazaji anaongea lugha hakuna anayeielewa, na hakuna anayejali. Mariga alipoenda Inter Milan mwaka 2010, kazi yetu ilikuwa kumsaka kwa benchi tumweke ndani.

Def Jam: Fight for NY (2004). Mapigano ya marapa: Method Man, Redman, Busta Rhymes, Ice-T, hadi Sean Paul, na Snoop Dogg ndiye bosi mbaya, anaitwa Crow. Unaweza kumgonga mtu na mlango wa gari au kumsukuma kwa reli. Watu ambao hawakujua hata ngoma moja ya Redman walikuwa wanamjua kwa mateke.

WWE SmackDown! Here Comes the Pain (2003). Brock Lesnar kwa jalada. Wanne wanacheza pamoja, kiti na ngazi ndani. Hii ndio gemu iliyovunja pedi nyingi zaidi base yetu.

San Andreas (2004). Hii ilikuwa na shida moja: hooyo. Akipita mlangoni akute unafanya yale CJ hufanya, umeisha. Kwa hivyo kulikuwa na mtoto wa kusimama nje kama karao. Na kila mtu alikuwa na daftari ya chiti. Ile ya pesa na afya nadhani nitakufa nikiikumbuka: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Unapata afya, vazi la risasi na dola 250,000. Masomo ya dugsi macalin alituchapa ndio tuyashike. Hii tuliishika bila kiboko.

Vile tulizicheza: chipu, flashi na joto

Kuna kitu watu wa Nairobi hawajui. Kucheza PS2 Garissa ilikuwa ni vita na hali ya hewa.

Joto letu hupita digrii 35 bila kuuliza. Ongeza vumbi. Adui mkubwa wa PS2 ni lenzi, ile jicho dogo linalosoma diski. Vumbi likiingia na joto likizidi, lenzi inachoka, gemu inakwama kwa ile skrini nyeusi, na unaanza kuona mwenye PS akigeuza mashine chini juu, akiisimamisha kwa ubavu, akiipiga kofi. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Msee wetu alikuwa anaipangusa na pamba na spiriti.

Mwanzo mashine zilikuwa zinawekwa chipu ndio zisome diski za kuchomwa. Halafu 2008 ikaja Free McBoot, programu inayokaa ndani ya memori kadi. Unachomeka kadi, mashine inawaka na menyu ingine, hakuna haja ya kuchokora ndani. Baadaye watu wakaanza kuweka gemu kwa flashi. Hapo lenzi ikapumzika kabisa. Shida ni kwamba mlango wa USB wa PS2 ni wa zamani, USB 1.1, uko polepole. Kwa hivyo video za stori zilikuwa zinakatakata kama redio ya lori. Mechi ya PES ilienda fiti, na hiyo ndio ilikuwa inaleta pesa.

Shida ingine ilikuwa tivii. Kenya tulikuwa tunatumia mfumo wa PAL. Ukileta gemu ya Marekani, ya NTSC, kwa Great Wall ya inchi 14, inaweza kutoka nyeusi na nyeupe. Kuna jamaa alimaliza San Andreas yote akidhani Grove Street huvaa kijivu.

Halafu umeme. Kabla gridi ya taifa ifike, Garissa ilikuwa inategemea jenereta za dizeli, na Wajir na Mandera wakabaki hivyo muda mrefu zaidi. Leo Garissa ina kiwanda cha sola cha megawati 50 kilichofunguliwa Desemba 2019. Enzi zetu stima ilikuwa inapotea dakika ya 88 ukiongoza 1-0. Hapo ndio kesi: pesa inarudishwa ama hairudishwi? Uzuri PS2 ile nyembamba ya 2004 kuendelea haikuwa mlafi, ilikula chini ya wati 50. Mwenye jenereta ndogo alikuwa anaweza kuwasha PS na tivii na bado abaki na faida. Base ilikuwa inafungwa mara moja tu kwa hakika: adhana ikilia. Pedi chini, watu kwa msikiti, halafu mnarudi kubishana mliachia wapi.

Kwa nini hizi hesabu zina maana

Mtu atasema, kwani iko nini? Hamkununua, hamkuhesabiwa, mambo yaishe. Na ni kweli, wale waliounda hizo gemu hawakupata shilingi yetu. Siwezi kujifanya tulikuwa watakatifu.

Lakini fikiria hivi. Chati ya mauzo inakuambia nani alilipa. Haikuambii nani alicheza. GT3 iko namba mbili duniani na kopi nyingine zilikaa kwa boksi ju mtu alikuwa anataka mashine tu. DVD moja ya PES ya kuchomwa, kwa base moja ya Garissa, ilikuwa inachezwa kutoka asubuhi mpaka usiku, siku saba, miaka mitatu. Hiyo kopi moja imechezwa na mamia. Kwa chati ni sifuri.

Na base haikuwa gemu tu. North Eastern hatuna sinema kila kona, hatuna vilabu. Kulikuwa na uwanja wa vumbi na kulikuwa na base. Pale ndani ukoo haukuulizwa. Kulikuwa na watoto wa Kisomali, wa Kimunyoyaya, na watoto wa wale tunaita watu wa down Kenya, wazazi wao walimu, manesi, askari. Kitu kilichoulizwa ni kimoja tu: nani ako next?

Rafiki yangu mmoja wa base alikuwa mtoto wa mwalimu. Mama yake alitoka Ukambani, alikuwa anafundisha shule ya msingi. Huyu jamaa hakupenda mechi za ashu. Alikuwa anakuja asubuhi ya Jumamosi, bei ikiwa chini, anacheza Master League. Kama uliicheza unajua: unaanza na wachezaji wa kubuni, Castolo, Minanda, Ximelez, Ivarov golini, unawajenga polepole. Wengine wote walikuwa wanawauza haraka wanunue mastaa. Yeye alikataa. Alisema Castolo amemtoa mbali, hawezi kumuuza. Alifika msimu wa 9.

Mwisho wa 2014 kukawa na mashambulizi Mandera, na walimu wengi wasio wa huku wakaanza kuondoka North Eastern. Mama yake akabaki. Halafu ikaja Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Serikali ikaweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa 12 na nusu jioni mpaka saa 12 na nusu asubuhi.

Base ni biashara ya jioni. Mchana kuna shule na kuna jua. Watu huja jua likipoa, na kafyu ilianza saa ile ile jua linapoa. Mwenye PS alivumilia wiki chache, kisha akauza tivii, akafunga. Lakini rafiki yangu hakuona hiyo. Wao waliondoka wiki ya kwanza, na basi la asubuhi. Hatukuagana, ju kila mtu alikuwa amefungiwa kwao.

Memori kadi aliiacha base. Mwenye PS alinipa mimi, akasema utampelekea siku moja.

Mwisho wa PS2 haukuwa mwisho

Sony walipofunga kiwanda Januari 2013, gemu hazikuacha kutoka siku hiyo. FIFA 14 ilitoka kwa PS2 mwaka huo, na Novemba 2013 PES 2014 ikafuata, moja ya gemu za mwisho kabisa za hii mashine. Ona hiyo: miaka 13 baadaye, wakati PS4 inatoka, bado kulikuwa na mtu Konami anaunda mpira kwa ajili ya wale hatukuwa na pesa ya PS4. Walijua tuko. Hawakujua wapi, lakini walijua.

Leo Garissa kuna base za PS4 na PS5, kuna feni, kuna viti vya ukweli, na vijana wanacheza eFootball kwa simu bila kulipa mtu. Poa sana. Lakini PS2 bado utaipata kwa nyumba za watu, chini ya tivii, imefunikwa na kitambaa cha maua.

Yangu bado inawaka. Nilitafuta adapta Eastleigh mwaka jana, nikaibahatisha. Memori kadi ya PS2 ni ya megabaiti 8, ndogo kuliko picha mbili tatu za simu yako, na mle ndani Master League ya jamaa bado iko. Msimu wa 9, ligi imebaki mechi nne, Castolo ndiye kepteni.

Sijawahi kuicheza. Si yangu. Lakini kama unasoma hii na ulikuwa unakuja Jumamosi asubuhi, na ulikataa kumuuza Castolo, jua tu imekaa salama. Njoo umalize ligi.